Kiwanja kinashuka futi tisa: je, tuchimbe besimenti?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mume wangu ni walimu hapa Mbeya. Tuna kiwanja upande wa Uyole, upana mita 20 na urefu mita 30, kinashuka kutoka barabarani kwenda nyuma. Fundi amepima akasema kutoka getini hadi mpaka wa nyuma kinashuka futi tisa. Tunataka nyumba ya mita 12 kwa 10. Ametushauri tuchimbe besimenti: gari na vyumba vya watoto wanne vikae chini, sebule, jiko, chumba chetu na cha mama mkwe vikae juu. Mama ana shida ya magoti, ngazi hawezi. Fundi anasema tofali za inchi sita na dawa ya kuzuia maji kwenye plasta zinatosha, na kwa kuwa msingi lazima uchimbwe, besimenti itakuwa karibu bure. Shimo la choo tumeshachimba mbele, karibu na geti. Tunajenga kidogo kidogo kwa mikopo. Jirani anasema chini kutajaa maji. Nani yuko sahihi, na vyumba tuvipange vipi?"

Salama, dada yangu. Jirani yako anaweza kuwa sahihi, fundi naye anaweza kuwa sahihi. Kinachowatenganisha ni kipimo kimoja ambacho hakimo kwenye barua yako. Futi tisa ni kama mita 2.7, lakini mmezipima kwenye kiwanja chote cha mita 30. Nyumba yenu itachukua mita 10 tu za urefu huo. Kama ardhi inashuka taratibu kwa usawa, chini ya nyumba yenyewe mnapata kama sentimita 90 tu. Kama inakwenda tambarare kisha inaporomoka katikati, huenda karibu futi zote tisa zipo pale pale nyumba itakapokaa. Hizo ni nyumba mbili tofauti kabisa, na jibu langu linagawanyika hapo.

Kwa hiyo kabla ya kuchora chumba chochote, chukueni mpira wa maji, ule unaoonyesha maji ndani, na vigingi. Pigeni kigingi kila baada ya mita mbili kutoka barabarani hadi nyuma, hamisheni usawa kwa mpira, kisha pimeni kila kigingi kutoka usawa huo hadi kwenye udongo. Andikeni namba hizo kwenye karatasi ya daftari la hesabu, la miraba, mchore mstari wa ardhi jinsi ulivyo. Huo ndio mkato wa kiwanja. Kazi ya asubuhi moja. Mimi huanza na mkato, kisha ndiyo naweka vyumba. Wateja wengi hunijia na picha ya nyumba waliyoipenda kwenye simu, tukaanza kubishana na mlima.

Sasa tofali za inchi sita. Ukuta wa kawaida wa nyumba unabeba uzito unaoshuka kutoka juu, na kwa kazi hiyo tofali linafaa. Ukuta uliofukiwa upande mmoja una kazi nyingine: udongo unausukuma kwa ubavu, na msukumo unaongezeka kadiri unavyoshuka. Kwa ukuta wenye udongo wa mita 2.5 nyuma yake, udongo mkavu wa kawaida unasukuma kwa karibu tani mbili kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta. Udongo huo ukijaa maji yasiyokuwa na pa kutokea, msukumo unakaribia tani nne au kupita. Ukuta wa mita 12 unakuwa umeegemewa na tani karibu hamsini, zote zikitaka kuingia ndani kwenu. Tofali haliwezi kupinda. Linapasuka kwenye maungio, kwa kawaida kama katikati ya kimo, ufa unalala mlalo. Ukuta huo unahitaji zege lenye nondo zilizopigiwa hesabu, na mhesabuji ni mhandisi wa miundo. Hapo nisingependa fundi akisie, hata awe hodari kiasi gani.

Dawa kwenye plasta ya ndani nayo imewekwa upande usiofaa. Maji yanatoka nje. Yakishapenya ukuta yanaikuta plasta kutoka nyuma na kuibandua, na rangi inavimba malengelenge. Kinga inakaa upande wa udongo: ukuta unapigwa plasta laini kwa nje, unapakwa lami ya kuzuia maji, unakingwa usichunwe na mawe, kisha nyuma yake hakirudishwi kifusi cha udongo moja kwa moja. Panawekwa kokoto, na chini kabisa, kwenye unyayo wa ukuta, bomba lenye matundu lililofungwa kitambaa cha kuchuja. Bomba hilo linalazwa kwa mteremko wa angalau sentimita moja kwa kila mita, linapita pembeni mwa nyumba na kutoka nje upande wa chini. Maana yake ni kwamba maji hatuyazuii kwa nguvu, tunayapa njia ya kuondoka kabla hayajaegemea ukuta. Chini ya sakafu nako inawekwa nailoni nzito kabla ya jamvi la zege.

Angalia sasa lile shimo lenu la getini. Liko upande wa juu wa nyumba. Choo kikiwekwa chini, uchafu hauwezi kupanda kwenda getini bila pampu. Na hata kama vyoo vyote vingekuwa juu, maji yanayonyonywa na ardhi kutoka kwenye shimo hilo yangeteremka taratibu mwaka mzima hadi nyuma ya ukuta wa besimenti. Mngekuwa mnaumwagilia ukuta wenu wenyewe, na kwa maji ya chooni. Kama mtajenga chini, shimo hilo lifukiwe na kushindiliwa vizuri, na jipya lichimbwe nyuma ya nyumba, upande unakoteremkia mteremko, mbali na mpaka na mbali na kisima cha yeyote anayekaa bondeni kwenu. Najua linauma, pesa imeshatoka. Lakini ni nafuu kulifukia sasa kuliko kupambana na unyevu wake baadaye.

Nije kwenye "karibu bure". Msingi wa kawaida ni mfereji mwembamba unaojazwa siku chache baada ya kuchimbwa. Besimenti ni shimo zima la nyumba, udongo wa kubebwa na lori, ukuta wa zege, mabomba, kinga ya maji na slabu, yaani sakafu ya zege lenye nondo, juu yake. Kwa chumba cha ukubwa ule ule, chumba kilichofukiwa pande zote kwa kawaida ni ghali kuliko cha ghorofa ya juu. Kwenye mteremko mkali mambo yanabadilika, maana hata usipojenga chini utalazimika kuinua msingi mrefu wa mawe upande wa bondeni. Pale unaongeza kidogo, unapata vyumba.

Kinachonipa wasiwasi zaidi kuliko gharama yenyewe ni neno lako "kidogo kidogo". Nyumba ya kawaida inavumilia. Unaweka msingi mwaka huu, unapandisha boma mwaka kesho, linasubiri bati. Shimo la besimenti halisubiri. Mbeya mvua zinaanza karibu Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Shimo lililo wazi likikutwa na mvua, kingo zinabomoka, na udongo wa kwetu sehemu nyingi una majivu ya volkano, mwepesi, unaosimama vizuri ukiwa mkavu kisha unaachia ghafla ukilowa. Isitoshe, ukuta wa kuzuia udongo mara nyingi umehesabiwa kwa kutegemea slabu iushike kichwani. Ukirudisha udongo nyuma yake kabla slabu haijamwagwa na kukomaa, unausukuma ukuta ambao bado hauna wa kuushika. Kwa hiyo kazi yote, kuchimba, ukuta, lami, bomba, slabu na kurudishia udongo, inapaswa kuanza mvua zikikatika na kuisha kabla hazijarudi. Pesa ya hatua hiyo iwepo mkononi yote kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Kama mkopo unakuja kwa awamu, msichimbe.

Tuseme sasa mkato umeonyesha kwamba futi tisa zipo chini ya nyumba yenyewe. Hapo naungana na fundi wenu, ila kwa mpangilio mwingine.

Sakafu ya juu iwe sentimita 45 juu ya ardhi ya mbele. Kutoka sakafu hadi sakafu tuweke mita 3. Kwa hesabu hiyo sakafu ya chini inatokea sentimita 15 juu ya ardhi ya nyuma: unafungua mlango na kutoka bustanini bila kupanda ngazi. Kisha, msijenge chini ya nyumba nzima. Tumieni mita 6 za upande wa bondeni tu. Mita 4 za mbele zikae kwenye msingi wa kawaida. Ukuta wa ndani kabisa wa chini utagusana na udongo wa asili kwa kama mita moja na nusu badala ya mbili na nusu, na msukumo wa udongo unashuka hadi karibu theluthi moja. Sharti ni kwamba nafasi iliyobaki chini ya sakafu ya mbele isijazwe kifusi, sakafu ile ibebwe na zege lenye nondo, na msingi wa mbele ushuke vya kutosha usiegemee ukuta wa chini. Mhandisi atalijua hilo, lakini mkumbusheni.

Sehemu ya chini inakuwa mita 12 kwa 6. Gawa kwa mistari, kama mkeka unaotandikwa kufuata ukuta. Mstari wa nje, unaotazama bondeni, upewe mita 3.5: humo ndimo wanamolala watu, maana ndimo kuna madirisha. Vinaingia vyumba vitatu vya upana wa kama mita tatu kila kimoja, na bafu la pamoja lenye dirisha lake. Mstari wa pili ni korido. Mstari wa mwisho, ule unaogusa udongo, ni wa ngazi na stoo. Hakuna kitanda kinachoegemea ukuta uliofukiwa.

Ngazi ndizo watu husahau kwenye ramani hadi zege linamwagwa. Kimo cha mita 3 kikigawanywa kwa hatua 18 kinatoa kama sentimita 16.7 kila hatua. Sehemu ya kukanyaga ikiwa sentimita 28, ngazi iliyonyooka inakula karibu mita 4.8 za urefu. Mkiilaza sambamba na ukuta wa udongo inatosha, na chini yake mnapata stoo. Fundi akikwambia zitaenea kwenye mita 3, anakuandalia ngazi ya darini.

Nani alale chini? Fundi amewashusha watoto, ninyi mkabaki juu. Hujaniambia umri wao, ila sakafu ya chini ina mlango wake wa nje, na sipendi watoto wadogo walale sakafu moja na mlango wa nje huku wazazi wako sakafu nyingine. Mimi ningewashusha na ninyi: chumba cha wazazi, cha wasichana na cha wavulana chini, juu abaki mama, wageni na maisha ya mchana. Ikiwa hamtaki kumwacha mama peke yake usiku, mjukuu mkubwa alale chumba cha wageni. Hilo mlizungumze nyumbani, na mama mwenyewe awepo.

Chumba cha mama kikae mbele, choo chake humo humo. Mlango wa choo uwe na upana wa sentimita 90 na ufunguke kwa nje, ili akianguka ndani aweze kufikiwa. Sehemu ya kuogea isiwe na kizingiti, sakafu iteremke tu kuelekea tundu la maji. Kutoka uani hadi mlangoni mjengeeni njia ya mteremko badala ya vipandio: kwa sentimita 45 inahitaji urefu wa kama mita 5.4, na nafasi ya mbele mnayo. Na kichwa cha ngazi kisiwe kwenye njia anayopita usiku gizani.

Jiko likae juu ya bafu la chini, mabomba yapande mstari mmoja. Kuta za juu zikae juu ya kuta za chini kadiri inavyowezekana. Hapa kwetu hilo ni zaidi ya kuokoa nondo. Mbeya iko pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, na mwaka 1910 ukanda wa Rukwa ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4. Nyumba ya mteremko ina udhaifu wake katika mtikisiko: upande wa mlimani ni mgumu kwa sababu umeshikwa na udongo, upande wa bondeni umejaa madirisha, kwa hiyo nyumba inataka kujizungusha. Acheni vipande vizima vya ukuta kati ya madirisha na kwenye kona za nyuma. Mlango mpana wa gereji upande ule ndio kitu cha mwisho ningeweka.

Gari, kwa hiyo, libaki juu karibu na geti. Kulishusha mita mbili na nusu kwa mteremko ambao gari dogo linaumudu wakati wa mvua kunahitaji njia ya mita 15 hadi 20, nayo ingeleta maji ya barabara nzima mlangoni kwa watoto.

Kuhusu baridi, watu husema chumba cha chini kina joto kwa sababu ya ardhi. Ni kweli kwa nusu: ardhi haipoi haraka usiku wa Julai, lakini haipati jua pia, na hewa yenye unyevu ikigusa ukuta wa baridi inaacha maji na ukungu. Mbeya tuko kusini mwa ikweta kwa karibu digrii 9, na Juni na Julai jua la mchana linaelemea kaskazini. Hukuniambia nyuma ya kiwanja kunatazama wapi. Kama ni kaskazini, mna bahati, vyumba vya chini vitaota jua miezi ile ile ya baridi. Kama ni kusini, ongezeni ukubwa wa madirisha na tundu za hewa kwenye korido ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Magunia ya mahindi yasikae kwenye stoo ya chini. Ukuta wa udongo utayapa unyevu taratibu, na mahindi yenye unyevu ndiyo yanayoota ukungu wa sumukuvu. Yawekeni juu, kwenye chaga. Mtungi wa gesi nao usishuke, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja inateremka na kutuama sehemu ya chini kabisa ya nyumba, ikisubiri swichi. Hata jiko la juu lisiwe na mlango unaofungukia ngazini. Mtungi ukae nje. Na ule utamaduni wetu wa kuingiza jiko la mkaa ndani wakati wa baridi, huko chini uwe mwiko kabisa. Hewa ya mkaa haina harufu ya kuwaamsha waliolala.

Sasa tuseme mkato umekataa, na chini ya nyumba kuna sentimita 90 tu. Besimenti ile ile ingezama mita 1.65 ardhini hata upande wa nyuma. Madirisha yangebaki vipande vya juu karibu na dari, bomba la maji lisingekuwa na bondeni pa kutokea, mngetegemea pampu, na umeme ukikatika usiku wa mvua kubwa, maneno ya jirani yangetimia. Hapo nakushauri uachane nayo bila majuto. Jengeni nyumba ya kupishana sakafu: nusu ya mbele kwa usawa wa juu, yenye mama, sebule na jiko, na nusu ya nyuma imeshuka sentimita 90, vipandio vitano au sita, yenye vyumba vyenu na vya watoto. Hakuna ukuta mrefu wa kuzuia udongo, na mnaweza kujenga kidogo kidogo kama mlivyozoea.

Kabla ya kuamua, chimbeni pia shimo la majaribio la mita 3 pale nyumba itakapokaa, Machi au Aprili, mvua zikiwa zimeshiba. Shimo la Septemba litawadanganya. Lifunikwe na kuzungushiwa uzio, na mtu asishuke ndani bila kuta kuegemezwa. Lichunguzeni siku chache: maji yakitokea chini, mwambieni mhandisi yametokea kimo gani. Waulizeni na majirani waliochimba visima na vyoo walikuta maji wapi. Hili nasema kwa Mbeya. Ndugu zetu wa Iringa, pale Gangilonga na milima yake, wao wana swali la mawe makubwa ambayo sururu haiyawezi.

Mkifika hapo, barua yangu haitoshi tena. Tafuteni msanifu majengo na mhandisi wa miundo waliosajiliwa, waje kiwanjani, wasichoree ofisini. Usajili wao unaweza kuuthibitisha kwenye Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Nendeni nao na ule mkato wenu wa daftari. Utawapunguzia maswali nusu. Mkadiriaji majenzi awape bei ya hatua ya chini peke yake, mjue ni pesa gani lazima iwepo kwa mkupuo. Kibali cha halmashauri ya jiji kitangulie uchimbaji.

Na siku za kuchimba, mkiona ufa mpya kwenye uzio wa jirani, maji yakichuruzika kutoka kwenye kingo, au udongo ukimeguka vipande vipande, watoeni vibarua shimoni saa hiyo hiyo na mpigieni mhandisi. Fundi akisema ni kawaida, mpigieni tu.